Wasali wa Bukini: Imani Iliyoishi na Hofu, 1835–1861

Historia za mateso ya Wakristo kwa kawaida husimuliwa kwa majina ya waliouawa, na ni haki yao wakumbukwe. Lakini msomaji akiwatazama wao peke yao hubaki na swali ambalo simulizi hizo hazilijibu: waliobaki hai waliishije? Kanisa haliendelezwi na marehemu. Linaendelezwa na wale waliorudi nyumbani jioni ileile wakitetemeka, wakapika, wakalala, kisha wakaamka katika mji uleule wenye askari walewale. Nchi inayolijibu swali hili vizuri kuliko nyingine ninazozijua ni kisiwa cha Madagaska, ambacho wazee wa pwani yetu walikiita Bukini. Kwa miaka 26, kuanzia 1835 hadi 1861, raia wa ufalme wa Merina aliyesali kwa jina la Yesu alikuwa mhalifu. Wamisionari wote waliondoka. Hapakubaki mchungaji aliyewekewa mikono, wala jengo la ibada, wala shule. Marufuku ilipotangazwa, waliokwisha kubatizwa walikuwa takriban 200. Ilipoondolewa, Wakristo waliojitokeza walihesabiwa kwa maelfu.

Maelezo ya haraka ni kwamba watu hao walikuwa majasiri. Wako waliokuwa hivyo kweli. Lakini ushahidi unaonyesha jambo lenye uzito zaidi: wengi wao waliogopa, wengine wakakiri makosa mbele ya maofisa, wengine wakawataja wenzao, na bado wakaendelea kuwa Wakristo. Hofu haikuwatoka. Walipata njia ya kuamini wakiwa nayo, na njia hiyo ilitegemea mambo yanayoonekana kwa macho: kitabu kilichoandikwa kwa lugha ya mama, nyumba za ndugu, na desturi ya kumpokea tena aliyeanguka. Ili kuelewa mambo hayo yalivyopatikana, lazima turudi kwa mfalme ambaye mwenyewe hakuwa na haja na dini hiyo.

1817–1828: Mfalme aliyetaka makarani

Radama wa Kwanza alirithi kiti cha Merina mwaka 1810, naye alitaka ufalme wake utoke kwenye milima ya kati na ufike baharini. Kwa hilo alihitaji bunduki. Mwaka 1817 alifanya mkataba na Robert Farquhar, gavana Mwingereza wa Mauritius: Radama angepiga marufuku kuuza watumwa nje ya kisiwa, na Uingereza ingemlipa kila mwaka fedha, silaha na baruti. Waalimu walikuja kwa mlango huohuo. Mwaka 1818 vijana wawili kutoka Wales, David Jones na Thomas Bevan, waliotumwa na chama cha wamisionari cha London, walishuka katika bandari ya Toamasina, kisha wakazileta familia zao katika msimu mbaya wa homa. Haukupita muda mrefu, Bevan alikuwa amekufa, wake zao wote wawili wamekufa, na watoto wao wamekufa. Jones peke yake alibaki hai, akavuka kwenda Mauritius kujiuguza, na mwaka 1820 akarudi na kupanda hadi mji mkuu, Antananarivo. Desemba ya mwaka huo alifungua shule yenye wanafunzi watatu.

Mfalme hakuwaita watu hawa kwa ajili ya Injili. Alikuwa na jeshi linalokua na ufalme unaopanuka, na mambo hayo yanahitaji barua, orodha na hesabu. Kabla ya hapo waandishi wa ikulu walikuwa Waantaimoro wa pwani ya kusini mashariki, walioandika Kimalagasi kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili. Mwaka 1823 Radama aliamua kwamba lugha ya nchi itaandikwa kwa herufi za Kirumi, akaamua hata sauti za herufi: irabu zisomwe kama za Wafaransa, konsonanti kama za Waingereza. Watoto walipelekwa shule kwa amri, na wako wazazi waliowaficha wakihofia kwamba wazungu wangewauza ng'ambo. Wahitimu wengi walichukuliwa jeshini kuwa makarani. Ndivyo ilivyotokea kwamba stadi ya kusoma, ambayo baadaye ingelilinda kanisa, ilienezwa na dola kwa faida ya dola, kwa gharama ya dola.

Wamisionari nao waliitumia nafasi hiyo kufanya kazi moja kwa bidii kuliko nyingine zote. Jones na mwenzake David Griffiths, aliyefika mwaka 1821, walitafsiri Biblia wakisaidiana na vijana Wamalagasi waliowafundisha kusoma. Mashine ya kuchapia ililetwa mwaka 1826. Mpigachapa aliyekuja nayo akafa kwa homa muda mfupi baada ya kufika, na kazi ikasubiri wengine. Radama mwenyewe alifariki Julai 1828 bila kubatizwa.

1828–1834: Malkia, sabuni na swali la Adamu

Aliyemrithi alikuwa mkewe, Ranavalona wa Kwanza. Vitabu vya Ulaya vimemchora kama mwanamke mwendawazimu aliyependa damu, na mchoro huo hautusaidii kuelewa lolote. Ranavalona alikuwa mtawala aliyepata kiti kwa mvutano, akazungukwa na wakuu walioamini kwamba Radama aliwapa wageni nafasi kubwa mno. Uhalali wake ulitegemea wahenga: wafalme waliotangulia na hirizi za ufalme, ambazo Wamerina waliziita sampy na kuzibeba mbele ya majeshi. Mwanzoni hakuigusa dini mpya. Mei 1831 ubatizo wa kwanza wa Wamalagasi ulifanyika kwa ruhusa yake, na miongoni mwa waliobatizwa mapema alikuwamo mganga wa ramli aliyeiacha kazi yake. Kabla mwaka haujaisha, ruhusa ile ilianza kupunguzwa: kwanza kwa askari, halafu kwa wanafunzi, mwishowe kwa wote.

Wamisionari waliendelea kuvumiliwa kwa kuwa walikuwa na faida. Kisa kinachojulikana sana ni cha sabuni. Malkia alipokuwa akifikiria kuwaondoa, aliwauliza kama wangeweza kuwafundisha watu wake kutengeneza sabuni kwa vitu vinavyopatikana nchini. Fundi wao, James Cameron, aliomba muda, na baada ya siku chache akaleta vipande viwili vilivyotengenezwa kwa malighafi ya Imerina, nchi ya Wamerina. Sabuni ile, pamoja na useremala na ufuaji chuma, iliwanunulia miaka kadhaa, na katika miaka hiyo Agano Jipya lilikamilika kuchapwa, mwaka 1830. Hata hivyo mwaka 1831 alifika Mfaransa Jean Laborde, fundi mwenye akili nyingi, ambaye baadaye alimjengea malkia kiwanda cha mizinga, baruti na vioo pale Mantasoa. Ikulu ilipopata fundi asiyehubiri, wahubiri wenye ufundi walipoteza ngao yao.

Tukio la mwaka 1834 ndilo linalotuonyesha wazi kilichokuwa kikiogopwa. Mwanamume mmoja aliyekuwa mlinzi wa hirizi, na aliyesikia habari za wamisionari bila kuwa mwanafunzi wao, alianza kuhubiri kwa namna yake: wafu watafufuka, vita na utumwa vitakwisha. Akaja na wafuasi mpaka mji mkuu kumpasha malkia habari. Maofisa walimuuliza kuhusu Adamu na Hawa: je, malkia naye ametokana na hao? Na watumwa wa Msumbiji, wale watu wa bara letu waliovushwa mlango wa bahari wakiwa wamefungwa, nao wametokana na hao hao? Akajibu ndiyo. Yeye na wafuasi wake wakuu waliuawa. Wakati huo watumwa walikuwa wamekwisha kukatazwa kufundishwa kusoma. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, unaona kwamba baraza la malkia lilimwelewa yule mhubiri vizuri, pengine kuliko wamisionari wengi walivyomwelewa. Fundisho la asili moja ya wanadamu lilimweka malkia na kijakazi wa Kimakua kutoka Msumbiji katika ukoo mmoja, na ufalme wa Merina ulikuwa umejengwa juu ya madaraja ya koo.

Machi 1835: Uwanja wa Mahamasina

Jumapili tarehe 1 Machi 1835 watu wa Imerina waliitwa katika uwanja wa Mahamasina, chini ya mlima wa ikulu. Mizinga ilipigwa, askari wakapangwa, na ujumbe wa malkia ukasomwa: desturi za wahenga hazibadilishwi, waliobatizwa, waliosali na kukutana wajitokeze wenyewe ndani ya muda uliowekwa, vitabu virudishwe, atakayejificha na kugunduliwa atakufa. Muda ule ulikuwa mwezi mmoja, kisha ukafupishwa ukawa juma moja.

Watu walijitokeza, tena wengi sana. Maofisa walioungama walishushwa vyeo kwa mamia, na raia wa kawaida wakatozwa faini za ng'ombe na fedha. Vitabu vilirudishwa kwa malundo. Simulizi za kanisa hupenda kupita hapa haraka, zikimbilie kwa mashahidi, na nadhani zinakosea. Umati ule uliojitokeza Machi 1835 ndio uliokuwa kanisa. Ungeuhesabu uaminifu kwa kipimo cha siku zile, ungesema dini hii imekwisha. Wako walioacha kweli na hawakurudi. Lakini wako pia waliotoa kitabu kimoja wakabaki na kingine, na wako waliosema mbele ya ofisa kwamba walisali bila nia mbaya kwa malkia, wakalipa faini, kisha baada ya miezi wakaanza tena kukutana usiku.

Wamisionari nao walikuwa na wiki chache za kazi. Biblia nzima ilikuwa bado haijakamilika, na vijana Wamalagasi waliokuwa wakipanga herufi walikatazwa kugusa mashine. Mpigachapa Edward Baker alizipanga mwenyewe, herufi moja moja, mwenzake akivuta mashine, na mwezi Juni karatasi ya mwisho ikatoka. Nakala nyingine waligawa kwa siri. Takriban 70 zilifukiwa ardhini pamoja na masanduku ya vitabu vya Zaburi, nyimbo na mafundisho. Wawili wa mwisho, Baker na mmisionari mwenzake David Johns (si yule Jones wa mwanzo), waliondoka mwaka 1836.

1836–1840: Nyumba na minyororo

Kilichofuata hakikuwa na kiongozi mmoja. Vikundi vidogo vilikutana majumbani, juu ya vilima visivyo na watu na ndani ya mapango, hasa wilaya ya Vonizongo, kaskazini-magharibi mwa mji mkuu. Mtu aliyekuwa na Biblia alisoma na wengine wakasikiliza. Asiyekuwa nayo alinakili kurasa kwa mkono, na kurasa zilizochakaa zilishonwa upya kwa nyuzi na kubandikwa vipande vya karatasi pembeni. Kitabu cha Bunyan kuhusu safari ya mwamini, kilichotafsiriwa na Johns, kilizunguka kwa nakala za mkono kabla hakijachapwa. Watu walitembea maili nyingi usiku ili wafike kwenye nyumba yenye kitabu, na waliwajulisha wenzao mahali pa kukutana kwa mistari ya Maandiko waliyoielewa wao tu. Malkia na maofisa wake waliwaita wasali, nalo jina hilo likawakaa.

Mwanamke aliyeitwa Rafaravavy anaonyesha maisha hayo yalivyokuwa. Alitoka katika ukoo wa heshima. Mwaka 1836 watumishi wake mwenyewe walimshtaki kwamba anasali. Alitozwa faini, akakataa kuwataja wenzake, na aliporudi nyumbani hakuwalipizia kisasi waliomshtaki. Mwaka uliofuata alikamatwa tena, akafungwa minyororo na kuhukumiwa kifo. Usiku wa kuamkia siku aliyopangiwa kuuawa, moto mkubwa ulizuka mjini, hukumu ikaahirishwa, na baada ya miezi ya kifungo akauzwa utumwani. Mwaka 1838 alitoroka. Kwa miezi mingi yeye na wenzake walifichwa kutoka nyumba hadi nyumba, wakilala vichakani na kwenye mabwawa, mpaka walipofika pwani na kupanda meli kwenda Mauritius. Mwaka 1839 wakafika Uingereza. Katika safari yote ile kila nyumba iliyowapokea ilihatarisha ukoo mzima, na baadhi ya waliowaficha hawakuwa wasali, walikuwa ndugu tu. Undugu wa Kimalagasi, uleule ambao ikulu iliutumia kudai utii kwa wahenga, ulifungua milango usiku.

Rasalama hakubahatika. Huyu ndiye anayekumbukwa kuwa shahidi wa kwanza wa Kimalagasi. Alikamatwa mwaka 1837, akafungwa kwa minyororo iliyoukunja mwili kwa maumivu makali, na tarehe 14 Agosti akapelekwa Ambohipotsy, mwisho wa kusini wa mlima wa mji. Aliimba njiani, akaomba nafasi ya kusali, akachomwa mkuki akiwa amepiga magoti. Hayo yanajulikana sana. Kinachosimuliwa mara chache ni kwamba kabla ya hapo walinzi walimlaghai, wakamwambia wenzake wamekwisha kutajwa wote, naye akatoa majina ya watu ambao serikali ilikuwa haijawajua. Waliotajwa walikamatwa. Simlaumu, na sidhani wasali walimlaumu. Ninalitaja jambo hili kwa kuwa watu wa wakati wake waliliandika bila kulificha, na bado wakamhesabu shahidi. Kanisa lililokuwa likiishi na watoa habari milangoni lilijua jinsi neno linavyomtoka mtu aliyefungwa minyororo. Miongoni mwa waliosimama wakimtazama akiuawa alikuwamo kijana Rafaralahy, ambaye mwaka 1838 alichomwa mkuki vivyo hivyo baada ya kusalitiwa na mtu aliyewahi kusali pamoja nao. Mwaka 1840 watu 9 waliuawa baada ya kundi lao kukamatwa likijaribu kukimbilia pwani.

1845–1849: Jabali la Ampamarinana

Mwaka 1845 meli za kivita za Uingereza na Ufaransa zilipiga mizinga Toamasina kwa sababu za wafanyabiashara wao. Zilishindwa kuiteka ngome, na vichwa vya Wazungu waliouawa vikatundikwa juu ya miti ufukweni. Biashara na nchi hizo ikafungwa kwa miaka 8. Kwa wasali, shambulio lile lilikuwa pigo, kwani mashtaka kwamba wao ni watu wa wageni sasa yalikuwa na picha ya kuyaeleza. Lakini wakati huohuo dini yao ilikuwa imeingia ikulu kwa mlango wa nyuma. Rakoto, mwana wa malkia aliyezaliwa mwaka 1829, alianza kuwahurumia na kuwakinga, na mpwa wa malkia, Ramonja, akawa mmoja wao.

Ulinzi huo haukutosha. Mapema mwaka 1849 msako mkubwa ulifanyika. Karibu watu 2,000 waliadhibiwa: faini, viboko, kushushwa cheo, minyororo ya maisha, kuuzwa pamoja na wake na watoto. Ramonja mwenyewe alivuliwa cheo. Tarehe 28 Machi watu 18 waliuawa kwa siku moja. Wanne walikuwa wa damu ya kifalme, na kwa kuwa damu hiyo haikuruhusiwa kumwagwa, walichomwa moto Faravohitra. Mmoja alikuwa mwanamke mjamzito, akajifungua pale pale kwenye moto. Wengine 14 walifungwa kwa mikeka, wakazibwa vinywa kwa vitambaa wasiimbe, wakapelekwa ukingoni mwa jabali la Ampamarinana, magharibi mwa ikulu. Kila mmoja aliulizwa kama ataacha kusali, kisha akatupwa. Msichana aliyeitwa Ranivo, ambaye malkia alitaka apone, aliwekwa mwisho ili awaone wenzake wakianguka. Alikataa kuacha. Maofisa walitangaza kwamba amepata wazimu, wakamwondoa. Uamuzi ule ulitolewa hadharani, mbele ya umati uliomwona msichana mwenye akili timamu, na hapo serikali yenyewe ilikuwa imekubali kwamba haina adhabu iliyobaki ya kumtisha.

1857–1861: Njama na ukombozi

Mwaka 1857 Rakoto alijiingiza katika njama ya kumwondoa mama yake, pamoja na Laborde na mfanyabiashara Mfaransa Joseph Lambert. Njama iligunduliwa. Wazungu walifukuzwa, lakini Wamalagasi ndio waliolipa: wasali kadhaa walipigwa mawe mpaka kufa Fiadanana, na wengine walinyweshwa tangena. Huu ulikuwa mwavi wa Bukini: mtuhumiwa alimeza vipande vitatu vya ngozi ya kuku, kisha akanyweshwa sumu ya kokwa la tangena, na asipovitapika vyote vitatu alihesabiwa mwenye hatia. Mwavi huo uliua watu wengi mno katika utawala wa Ranavalona, na walio wengi hawakuwa Wakristo hata kidogo. Jambo hilo tusilisahau. Mateso ya wasali yalikuwa sehemu ya mateso makubwa ya raia, pamoja na vita vya kuteka makabila ya pembezoni na shokoa iliyowamaliza watu barabarani na kwenye machimbo.

Ranavalona alifariki Agosti 1861. Rakoto akatawala kwa jina la Radama wa Pili, akatangaza uhuru wa kusali na kuwaachia wafungwa. Watu walirudi mjini kutoka mapangoni, vijijini na utumwani, wengine wakiwa na alama za minyororo shingoni na miguuni, wengine wakiwa wamedhaniwa wamekufa siku nyingi. Hawakumsubiri Mzungu: ibada za hadhara zilianza mara moja chini ya wahubiri wao wenyewe, na William Ellis wa chama cha London alipofika mwaka 1862 alilikuta kanisa likiendeshwa na Wamalagasi.

Kwa nini halikuzimika?

Jibu linalotolewa zaidi ni la Tertullian wa Carthage huko Afrika Kaskazini, aliyeandika karne ya tatu inakaribia kwamba damu ya Wakristo ni mbegu. Naliheshimu, lakini historia hailithibitishi kila mahali. Kanisa la Carthage lenyewe, lenye mashahidi wengi, lilitoweka kabisa katika karne zilizofuata. Lilikuwa kanisa la Kilatini, na watu wa mashambani waliozungumza lugha za Kiberiberi hawakuachiwa Maandiko kwa lugha zao. Huko Japani, mateso ya karne ya 17 yaliua maelfu. Waliobaki mafichoni walidumisha imani kwa zaidi ya miaka 200, ila bila Biblia mikononi, na sala zao za kurithishana kwa mdomo zikawa ngumu kueleweka hata kwao. Wasali wa Bukini walidumu muda mfupi zaidi, hilo ni kweli, na haiwezekani kujua kizazi cha tatu kingekuwaje. Lakini walikuwa na kitabu walichoweza kukisoma bila mkalimani, katika lugha ambayo dola yenyewe ilikuwa imeifundisha shuleni. Buganda ilipitia njia hiyohiyo baadaye: Kabaka Mwanga alipowaua Wakristo mwaka 1885 na 1886, waliokuwa wakiwindwa walijulikana kwa jina la wasomaji.

Kuna pingamizi lililo zito zaidi: malkia alikuwa akiilinda nchi yake. Meli za 1845, njama ya 1857 na hatimaye uvamizi wa Ufaransa wa 1895 vinaonyesha kwamba wasiwasi wake juu ya wageni haukuwa wa bure. Nakubali. Ranavalona aliona hatari ambayo wengi wa wakati wake hawakuiona. Nisichokubali ni hatua inayofuata, kwamba kwa hiyo wasali walikuwa maadui wa nchi. Hawakushika silaha dhidi yake kwa miaka yote 26. Njama ya 1857 ilifanywa na Rakoto, mwana wa malkia, na Wafaransa. Waliohukumiwa walisema mara kwa mara kwamba wanamtii malkia katika kazi, kodi na jeshi, na kwamba jambo moja tu hawawezi kulitoa. Malkia hakukubali kwamba jambo kama hilo linaweza kuwapo, na mgogoro wote ulikuwa hapo.

Watasema wengine kwamba kanisa liliokolewa na Rakoto na wakubwa wa ikulu. Msaada wao ulikuwa wa kweli, ila ulikuja wakati miaka kama 10 imepita, na haukuzuia Ampamarinana. Kati ya 1835 na katikati ya miaka ya 1840 wasali hawakuwa na mkubwa wa kuwatetea. Walikuwa na kurasa zilizoshonwa, milango ya ndugu, na watu walioanguka Machi 1835 wakakaribishwa tena bila kuulizwa sana. Kanisa la Afrika Kaskazini, tena hilohilo la Carthage, liligawanyika vibaya karne ya nne juu ya suala la waliotoa vitabu wakati wa mateso, na mfarakano wa Wadonato ulidumu kwa vizazi. Waliotoa vitabu Mahamasina walikuwa wengi mno, na kama wasali wangewafungia mlango, wasingebaki na watu wa kukaa nao gizani.

1868–1897: Upande wa pili

Miaka iliyofuata ilileta mtihani wa namna nyingine. Makanisa ya mawe yalijengwa mahali pa mauaji, likiwamo la Ambohipotsy, lililofunguliwa mwaka 1868. Ranavalona wa Pili alitawazwa Septemba 1868, Biblia ikiwa kando yake, na Februari 1869 akabatizwa pamoja na waziri mkuu wake, Rainilaiarivony, ambaye baba yake, Rainiharo, alikuwa waziri mkuu wa siku za mateso. Septemba ya mwaka huo hirizi za ufalme zilichomwa moto. Katika muda wa takriban mwaka mmoja waliohesabiwa kuwa wafuasi wa makanisa ya chama cha London walipanda kutoka kama 37,000 hadi zaidi ya 150,000. Watu waliamriwa kwenda kanisani kama walivyoamriwa zamani wasiende. Wahubiri na walimu wakawa mikono ya serikali vijijini, wakiandikisha watoto, na kwa majina yale yale serikali ikaandikisha shokoa na askari. Ufaransa ilipoteka mji mkuu Septemba 1895, wanakijiji walioinuka, waasi wa shuka nyekundu, walichoma makanisa kwa mamia na kuwaua baadhi ya wahubiri. Kwao kanisa lilikuwa jengo la serikali iliyowashinda nguvu.

Wafaransa nao walikuja na mashtaka yao. Katika miaka ya 1896 na 1897 ilienea kauli kwamba kuwa Mprotestanti ni kuwa Mwingereza, na kwamba raia mwema wa Ufaransa ni Mkatoliki. Majengo ya shule na makanisa yalichukuliwa, na waumini wakashinikizwa kuhama. Chama cha wamisionari cha Paris kilituma watu wake kuthibitisha kwamba Mfaransa naye aweza kuwa Mprotestanti, na wawili kati yao, Benjamin Escande na Paul Minault, wakauawa na waasi Mei 1897. Wazee waliokuwa vijana mwaka 1849 walisikia tena, safari hii kutoka kwa mgeni aliyewatawala, kwamba sala zao ni usaliti, na tena vikundi vya vijijini vikaanza kukutana majumbani.